Zumaridi Nyuma ya Saa

Jumamosi ile watu walifurika kwenye jengo la maduka kana kwamba kila kitu kinagawiwa bure. Lifti ilikuwa imeharibika tangu asubuhi, kwa hiyo wenye mizigo, wenye watoto na wenye magongo walipanda na kushuka kwa ngazi moja, wakisukumana na kutakana radhi. Chini ya ngazi hiyo, mahali ambapo wengine wangeweka ndoo na mifagio, sonara mmoja alikuwa na meza yake. Alikuwa na taa ya shingo ndefu, kabati dogo la kioo, koleo, vibano, na kiti kimoja tu.

Katika msukumano huo saa ndogo ilimponyoka mwanamke mmoja kifuani. Ilidunda kwenye ngazi, ikadunda tena, ikatua mezani kwa sonara kati ya vipande vya fedha alivyokuwa amevipiga tupa.

"Usiikanyage!" mwanamke alipiga kelele kutoka juu.

"Iko mezani, dada. Nitaikanyagaje, nipande mezani?"

Mwanamke alishuka akicheka na kuhema. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri na sweta la buluu lililokosa kifungo kimoja. Alikuwa mkunga, ametoka zamu, na miguu yake bado haikujua kwamba kazi imekwisha. Hata aliposimama alikuwa kama anataka kuondoka.

Sonara aliigeuza saa. "Mbona imetengenezwa juu chini?"

"Haiko juu chini. Wewe ndiye umekaa upande usio wake. Ikiwa kifuani kwangu, mimi nikiinamisha macho naisoma sawasawa. Mkono nauacha mtupu kwa ajili ya kazi."

"Pini ndiyo imekatika. Kioo kizima. Una bahati."

"Bahati gani na saa imeruka ngazi zote hizo?"

Sonara alikuwa bado ameshika kibano chenye jiwe dogo la kijani alilokuwa akilipima wakati saa ilipomwangukia. Kabla hajajibu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi alifika pale chini ya ngazi, akashika ukuta, akafumba macho. Hakuomba kitu. Sonara aliliweka jiwe juu ya kitambaa, akainuka, akamsogezea kiti chake. "Kaa mama, upumue. Ngazi hazina haraka." Kisha akaendelea na pini ya saa huku amesimama, mgongo umepinda ili asigonge kichwa.

Mkunga aliliona hilo. 

Pini mpya ilikuwa na umbo la jani. Ilikuwa imebaki kwenye kazi ya mteja mwingine, na sonara alisema imekuwa ikimngoja yeye.

"Wateja wote unawaambia hivyo?"

"Wote nawauliza swali moja tu. Umezaliwa mwezi gani? Kila mwezi una jiwe lake, na mimi nikijua mwezi namjua mtu."

Mkunga alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Macho yake yalishuka mezani, yakalikuta lile jiwe la kijani juu ya kitambaa.

"Wa tano," alisema.

"Zumaridi!" Sonara alifurahi kama mtoto. "Hili hapa! Unaona? Mafundi wa zamani macho yakichoka walikuwa wanaitazama zumaridi ili yapumzike. Wanasema ni jiwe la mtu asiyebadilika."

"Basi mimi umenikosea," mkunga alisema, "maana hata kukaa siwezi." Lakini namba ya simu alimwachia.

Ukweli ni kwamba hakujua mwezi wake. Mama yake alifariki mapema, na baba yake alimleta kwa dada yake akiwa mtoto wa meno mawili, amefungwa kwenye shuka. Baba akaondoka kwenda kutafuta kazi na hakurudi. Shangazi hakupata nafasi ya kuuliza siku wala mwezi. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho ilichaguliwa na karani aliyetaka kwenda kula. Mtoto alikua, akasoma, akawa mkunga, akapokea watoto wa watu kwa siku na saa zao, na kila alipotazama saa yake kutaja wakati wa mtoto kuzaliwa, kitu fulani ndani yake kilikuwa kikitembea huku na huku bila kupata pa kukaa.

Siku moja, mwanzoni mwa kazi yake, alimzalisha msichana mmoja ambaye hakusindikizwa na mtu. Hakuwa na mama pale mlangoni wala mume wala jirani. Msichana alimbeba mtoto wake akilia, akasema, "Nani atakumbuka siku hii zaidi yangu?" Mkunga akajibu papo hapo, "Mimi. Huu ni mwezi wangu. Nikijikumbuka mimi, namkumbuka na yeye." Yule msichana akatabasamu. Tangu hapo maneno hayo akawa anawaambia wote, kila mwezi. Hakuona dhambi. Kwa kuwa hakuna mwezi uliokuwa wake, alijiona ana haki ya kuiazima yote.

Wiki zilizofuata simu zilikuwa nyingi.

"Uko wapi, laazizi?" sonara angeuliza.

"Natembea."

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea chumbani."

"Kaa basi tuongee."

"Nikikaa nalala. Ongea tu, nakusikia nikitembea."

Mkunga alikuwa akimpitia pale chini ya ngazi akitoka kazini, wakati mwingine na gauni la maua mekundu na viatu vya wazi, wakati mwingine na sare. Mama Mapazia, aliyekuwa na duka la mapazia mkabala na meza ile, alikuwa akimwona tu anapiga kelele, "Fundi, jisafishe uso, jua linakuja!" Naye mdogo wake sonara, mjamzito wa tumbo kubwa, aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza, alishaanza kumwita wifi kabla ya wenye mapenzi wenyewe kuitana lolote.

"Wifi, mtoto huyu utamtoa wewe. Nimeshasema."

"Nitamtoa. Ila usiniume."

"Siahidi."

Sonara alitaka kumvika kitu. Kila alichotaja kilikataliwa.

"Pete."

"Inachana glavu. Na mimi nanawa mikono kutwa. Sabuni na maji ya moto, jiwe lako litapona?"

Sonara aliguna. Ni kweli, zumaridi haipendi maji ya moto wala kugongwagongwa. "Bangili?"

"Itanizuia kunawa hadi kwenye kiwiko."

"Herini basi. Za kuning'inia."

"Ili mama mwenye uchungu apate pa kushika?"

"Kidani?"

"Nikiinama kinamwangukia mgonjwa usoni."

"Sasa wewe una mahali gani pa kuvika kitu?"

"Tafuta. Si wewe fundi?"

Wakacheka wote wawili, na Mama Mapazia akacheka pia ingawa hakuulizwa. Sonara aliamua moyoni kwamba pete ataitengeneza hata hivyo, ya kuvaa siku za mapumziko. Ataimaliza kabla ya mwezi wa tano, na Jumapili ya kwanza ya mwezi huo ataipeleka nyumbani kwa Shangazi, ajieleze mbele yake. Mkunga alipoambiwa kuhusu Jumapili hiyo, alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Akaona ni heri aseme ukweli sasa. Akaanza kwa mbali, huku akichezea kifungo cha sweta.

"Hebu niambie, fundi. Mteja akija, hajui mwezi wake. Unamfanyaje?"

Sonara alikuwa anapuliza vumbi la fedha mezani. Alijibu bila kuinua kichwa, utani aliowatania wateja miaka mingi. "Huyo namuuzia kioo! Mtu asiyejua hata mwezi aliozaliwa, jiwe atalijua?"

Mkunga alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Kisha akasema anachelewa zamu, na siku hiyo hakuwa na zamu.

Sonara hakugundua. Alikuwa anaitengeneza pete yake, na usiku analala nayo akilini. Ila mambo mengine yalianza kuja kwenye meza yake.

Kwanza alikuja mama mwenye furaha, akitaka kidani cha binti yake aliyezaliwa mwezi wa kwanza. Sonara akamwonyesha jiwe jekundu kama mbegu ya komamanga, akamwambia walikuwa wanalivaa wasafiri ili warudi salama. Mama akasema, "Mkunga wangu naye ni wa mwezi wa kwanza. Kaniambia hatamsahau mwanangu." Sonara akatabasamu. Wakunga ni wengi.

Wiki chache baadaye akaja mwalimu mmoja, baba wa mtoto wa mwezi wa pili, akachagua jiwe la zambarau. "Mkunga mwenyewe wa mwezi wa pili," alisema. "Mrefu, ana mwanya. Mke wangu anamwombea kila siku."

Sonara alikaa. Akainuka. Akaenda hadi mlangoni mwa jengo, akarudi.

Na mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha akaja bibi mmoja akitaka jiwe la rangi ya maji kwa ajili ya mjukuu, la kushonewa kwenye kofia kwa sababu shingo ya mtoto bado laini. "Mkunga alituambia huu ni mwezi wake pia," bibi alisema. "Binti mzuri yule mkunga. Ana saa hapa kifuani, pini yake imekaa kama jani."

Mama Mapazia alisikia kila kitu, kama kawaida. Bibi alipoondoka, akavuka na pazia mabegani. "Fundi, huyo mtu wako kazaliwa kwa mafungu?"

"Mama, niache."

"Nakuacha. Ila muulize kwa upole. Usiende na moto."

Alikwenda na moto. Alimkuta mchana nje ya wodi ya wazazi, karibu na benchi la wageni, anakula amesimama. Sweta lake bado lilikosa kile kifungo.

"Umezaliwa mwezi gani?"

"Umenifuata hadi kazini kuniuliza hilo?" mkunga alitabasamu. Kisha akauona uso wake, na tabasamu likakatika.

"Wa kwanza? Wa pili, wa tatu? Au wa tano? Nichagulie mmoja nipate usingizi. Wateja wangu kila mmoja ana wake, na wote wanakusema wewe."

"Wamesema vibaya?"

"Wamesema vizuri! Ndiyo maana sielewi. Kama kwenye jambo dogo hivi una maneno manne, kwenye makubwa utakuwa nayo mangapi? Nami ulinitazama machoni ukasema wa tano."

"Sikukutazama machoni," mkunga alisema polepole. "Nilitazama meza."

"Nijibu tu. Mwezi gani?"

Mkunga alilifunika bakuli lake la chakula.  Angeweza kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini alisikia tena ule utani, na akamwona sonara anavyopuliza vumbi bila kuinua kichwa.

"Niuzie kioo basi," alisema.

Sonara hakuelewa. Utani wake alikuwa ameshausahau, kama mtu anavyosahau kitu alichokisema mara mia. "Kioo gani? Tunaongea habari ya vioo?"

"Na Jumapili ile usije kwa Shangazi."

Akaingia ndani, na mlango wa wodi ukajifunga wenyewe taratibu, kama milango ya hospitali inavyojifunga.

Siku zilizofuata hakuna aliyetulia. Mkunga aliomba zamu za ziada. Alipokuwa nyumbani alifua vilivyokuwa safi, akahamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule na kulirudisha. Shangazi, mwanamke mnene mpole mwenye leso begani, alimtazama bila kumsumbua. Kila alipompitia alimwachia kikombe cha chai mahali atakapofikia, dirishani, juu ya kabati, kwenye ngazi ya nyuma.  Chai tu.

Simu iliita. "Sonara" iliandika. Ikanyamaza. Yeye akampigia, akakata baada ya mlio mmoja. Upande wa pili sonara aliona kwamba amepigiwa, akapiga, akakuta inatumika, kwa sababu mkunga naye alikuwa anapiga tena. Wakaishia hapo, kila mmoja akidhani mwenziwe anaongea na mtu mwingine.

Kazini sonara alizifungua kucha ndogo za pete zilizoshika zumaridi, akalitoa jiwe. Alilitazama kwa lenzi. Ndani ya zumaridi huwa kuna nyufa nyembamba na vitu kama majani, na mafundi huita hiyo bustani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wateja kwamba zumaridi isiyo na bustani ndani huenda ni kioo. Alilitazama muda mrefu bila macho kupumzika.

"Kaka, kaa chini," Kasuku alimwambia siku hiyo nyumbani. "Unatembea hadi natapika, na mwenye mimba ni mimi."

"Alinidanganya."

"Alikudanganya mwezi. Ungekuwa umedanganywa mume, ningelia na wewe. Na nakuambia mapema, siku yangu ikifika mimi naenda kwake. Mmegombana nyinyi. Mimi na wifi yangu hatujagombana."

Siku yake ilifika asubuhi ya mwisho ya mwezi wa nne. Mumewe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo ni sonara aliyembebea mfuko, akamshika mkono na kuhesabiwa makosa yote ya utotoni njia nzima hadi wodini. Mkunga aliwapokea mlangoni. Alimsalimia sonara kwa kichwa, akamchukua Kasuku kwa mikono miwili. "Twende, mama. Tembea na mimi. Pole pole."

Sonara alibaki nje ya pazia la kijani lililofunga mlango wa chumba. Alikaa, akainuka, akasoma matangazo yote ya ukutani juu ya kunyonyesha. Kutoka ndani alimsikia Kasuku akimpigia kelele kila mtu aliye hai. Akasikia kitu kikikatika.

"Samahani wifi! Saa yako!"

"Iache saa. Shika mkono wangu. Vunja huo kama unataka, ninao mwingine. Sukuma sasa."

Kisha kimya, kisha kilio chembamba chenye hasira. Sonara akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka naye hakuyapangusa.

"Hongera, mama. Mvulana. Ana mdomo wako," alisema mkunga. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayempa mwenziwe kitu mkononi. "Kazaliwa mwezi wangu, unajua? Sitamsahau."

"Wee!" Kasuku alipayuka, hata katika hali ile. "Kaka kasema wewe ni wa tano. Na ugomvi wote ni huo! Wifi, kwani wewe umezaliwa mara ngapi?"

Kilisikika kicheko, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na kilio.

"Hata mara moja sina uhakika nayo," mkunga alisema. "Sijui mwezi wangu, Kasuku. Hakuna anayeujua. Nililetwa na meno mawili. Watu wakizaa hapa, wengine hawana hata wa kuwapa pole, nawaambia huu ni mwezi wangu ili mtoto awe na mtu. Kila nikisema, naona kama na mimi nimepata."

"Kwa nini hukumwambia kaka?"

"Nilimuuliza siku moja. Mteja asiyejua mwezi wake unamfanyaje? Akasema namuuzia kioo."

Nyuma ya pazia sonara alifumba macho. Sasa aliukumbuka utani, na benchi, na bakuli likifunikwa.

Mkunga alipotoka alikuwa ameishika saa mkononi, pini ya jani imevunjika katikati. Hakujua kama amesikiwa. "Hongera, mjomba," alisema. "Mpwa wako mzima. Mama yake kanivunjia saa."

Sonara alikuwa na maneno mengi, yote yakagombania mlango mmoja. "Nipe," ndilo pekee lililotoka. "Nitaitengeneza."

Akampa. Vidole vyao viligusana, na mgonjwa mwingine akaita, na mkunga akaondoka kwa hatua zake za haraka, akitazama saa ya ukutani.

Jumapili ilipofika sonara alikwenda kule alikokatazwa. Alivaa shati la samawati lililonyooshwa na Mama Mapazia mwenyewe, ambaye alisema hawezi kumwacha aende na mikunjo kama pazia la bei rahisi. Shangazi alimfungulia. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akaona kile kimfuko cha zana kwapani.

"Ndiwe fundi?"

"Shikamoo, Shangazi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Pita, baba. Yuko uani anafua nguo safi."

Mkunga aliingia na mikono yenye povu, amejifunga kitenge cha njano na rangi hiyo imemkaa vizuri. "Nilisema usije."

"Nimeleta saa. Mkunga bila saa ni hatari kwa watu." Akaiweka mezani. "Na nilikuwa nyuma ya pazia siku ile. Nilisikia. Nisamehe. Si kwa kusikia, nisamehe kwa lile la kioo. Nililisema kama mtu anayetema ganda."

 Mkunga alijipangusa mikono, akaiinua saa. Pini ilikuwa mpya, jani lile lile, nene zaidi. Akaigeuza. Nyuma, katikati ya mfuniko wa fedha, palikuwa na kitundu kidogo kimezungukwa na kucha nne zilizosimama wazi.

"Hapa umesahau kuweka kitu."

"Sikusahau. Uliniambia nitafute mahali pa kukuvika, nikapapata. Hapa glavu haifiki, maji hayafiki, na mgonjwa hapaoni. Jiwe litakaa upande wa moyo wako na hakuna atakayejua ila wewe. Ila jiwe sikuweka. Si kazi yangu kukuamulia mwezi." Akafungua kikasha bapa. Ndani mawe kumi na mawili yalikuwa yamelala kwenye kitambaa, jekundu, la zambarau, la rangi ya maji, almasi ndogo kama punje ya chumvi, hadi feruzi mwishoni. "Chagua. Ukitaka kuacha wazi, acha wazi. Nitakupenda na tundu hilo hilo."

Shangazi alikohoa. "Mimi ukiniuliza, wewe ni wa msimu wa baridi. Ulipoletwa ulikuwa na meno mawili, na la kwanza kufanya ulining'ata. Mtoto wa joto hana hasira hiyo."

"Shangazi!"

"Alama hii hapa. Nimeitunza."

Mkunga alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alivuta kiti akakaa. Kidole chake kilipita juu ya mawe polepole, kikatulia juu ya la kijani, lile lililotoka kwenye pete.

Sonara alishtuka. "Hapo ndipo uliponi..."

"Nilipokudanganya. Ndiyo." Alimtazama machoni safari hii. "Siku ile ulikuwa umelishika hili. Akaja yule mama na mtoto mgongoni, ukaliweka chini, ukampa kiti chako, ukafanya kazi umepinda mgongo. Ukaniuliza mwezi wangu saa hiyo hiyo. Nikasema moyoni, kama mtu anaweza kuchagua pa kuzaliwa, nachagua hapa. Nikasema wa tano." Akasogeza jiwe kwake. "Siku ile ulikuwa uongo. Leo si uongo. Weka."

Sonara aliwasha taa yake ndogo. Aliliweka jiwe kwenye kitundu chake na kuzikunja kucha moja baada ya nyingine, taratibu, na pale mezani Shangazi alikuwa akijipangusa macho kwa leso na kudai ni vumbi la fedha.

"Lina bustani ndani," sonara alisema alipomaliza. "Si safi kabisa."

"Na mimi pia."

Alimbandikia saa kifuani, juu ya kitenge. Akabaki ameishika pini muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Nilikuja pia kwa jambo lingine," alisema. "Nilitaka kumwambia Shangazi kwamba..."

Simu ya mkunga ikaita. Wodini wamezidiwa, wamama watatu kwa mpigo, je anaweza kuja? Alishainuka kabla simu haijakatwa, anatafuta viatu.

"Niambie mimi njiani," alisema. "Shangazi amekubali, mtazame."

"Sijaulizwa!" Shangazi alisema.

"Umekubali?"

"Nimekubali, nendeni. Fundi, mshike, huyo anatembea kama anafukuzwa."

Walikwenda wakikimbizana na barabara, na aliyomwambia njiani ni yao wenyewe. Tunachojua ni kwamba mlangoni mwa wodi alimgeukia na kumwambia, "Ndiyo, ndiyo, mara ngapi nikujibu? Niache nikafanye kazi," na kwamba sonara alikaa kwenye lile benchi la wageni alasiri nzima, ametulia tuli.

Ndani, mwanamke mmoja mwembamba ambaye hakuwa na msindikizaji alimpokea binti yake kifuani, akamtazama kwa woga. Mkunga aliinamisha macho kwenye saa yake, akausema wakati kwa sauti. Alilihisi lile jiwe likimgusa kupitia sare.

"Hongera, mama," alisema. "Mwanao kazaliwa mwezi wangu."